Nikumbushe Baadaye

"Amekata kushoto."

Sauti ya Bonge ilikwaruza sikioni. Sindano alikuwa ameiona mwenyewe ile HiAce nyeupe ikikata kushoto, palepale ambapo mpango ulisema ingekata kulia.

Akailaza Yamaha. Kona ikapita chini ya goti lake.

"Sindano, umenisikia? Kushoto."

"Nina macho, Bonge."

"Sisi tumejipanga kulia."

"Najua tulikojipanga."

Alijua kwa sababu mpango ulikuwa wake. Aliuandika jana kwenye kompyuta yake, akamsomea Mkuu, akamsomea Bonge, akaufunga. Watu watatu. Dereva wa HiAce hakuwa mmojawapo.

HiAce ikaruka taa nyekundu. Lori la mchanga likajitia katikati kama mtu asiyejua kinachoendelea duniani. Sindano akakaba breki, pikipiki ikachezesha mkia, honi zikamtukana kutoka kila upande. Lori lilipomaliza kupita, barabara mbele yake ilikuwa tupu.

"Kiota kwa Sindano." Huyu sasa alikuwa Mkuu. "Hali?"

"Nimempoteza."

Katika kazi yake yote hakuwahi kulisema neno hilo redioni. Watu wa Kiota, ofisi yao ya ujasusi, walimwita Sindano kwa sababu hupita pembamba, hushona na kutoka, na anayechomwa hugundua baadaye.

"Nenda ghalani," Mkuu akasema. "Huenda wengine bado wapo."

Sindano aligeuza pikipiki kabla Mkuu hajamaliza. Ghalani ndiko alikokuwa shemeji yake.

*

Ghala lilikuwa nyuma ya kiwanda cha matairi, la mabati, lisilo na kibao. Mlango ulikuwa wazi.

Akachomoa Glock. Akaingia kwa bega.

Tupu.

Jana tu makasha yalikuwa yamepangwa humu hadi kwenye mabati. Dawa ya kisukari, lebo safi, muhuri safi, na ndani ya chupa maji yaliyotiwa chumvi. Leo zilikuwa zianze safari ya kwenda kwenye hospitali. Habari hizo zote alizileta shemeji yake, mume wa mdogo wake, dereva wa foklifti wa ghala hilo. Hakuwa jasusi. Alikuwa mtu wa kawaida aliyeona chupa zinajazwa kwenye bomba la kunawia mikono, akashindwa kula chakula chake, akamwambia dada wa mkewe kwa sababu alidhani anafanya kazi serikalini kwenye "mambo ya takwimu."

Sindano ndiye aliyemwambia arudi kazini kesho yake. Endelea kuendesha foklifti yako, shemeji. Fungua masikio tu. Mimi nipo.

Mimi nipo.

Sasa alitembea juu ya sakafu iliyofagiliwa. Alama za matairi ya foklifti. Mikwaruzo ya magurudumu madogo kutoka ofisini hadi mlangoni: kiti cha bosi kimeondoka na bosi wake. Genge lilimwita bosi huyo Mstaarabu, kwa sababu hakuwahi kupaza sauti hata akiagiza mtu avunjwe vidole. Alikuwa na kiti cha ngozi ambacho alikibeba kila alikohamia. "Anakipenda kile kiti, shemeji," aliwahi kucheka mume wa mdogo wake. "Akienda haja anageuka kukitazama."

Ofisini palibaki runinga ya Samsung ukutani, kioo cheusi, na kisanduku kidogo kimechomekwa nyuma yake.

Na chini ya runinga, kofia.

Kapelo ya bluu. Imekanyagwa. Sindano akaiokota, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka na wekundu.

Shemeji yake huvaa kapelo ya bluu. Ndiyo maana kwenye ripoti zake zote alimwita Kofia. Lilikuwa jina la mzaha, walichekea pamoja mezani. "Kofia: mzigo unaondoka kesho." "Kofia: Mstaarabu anapita barabara ya soko." Hakuna anayejua isipokuwa sisi.

Akapiga magoti. Akafungua begi la mgongoni, akatoa kompyuta.

Simu za wafanyakazi hukusanywa getini kila asubuhi, kwa hiyo njia ya kumfikia shemeji ilikuwa moja tu. Kengele. Programu ndogo kwenye kompyuta ya Sindano, na kitufe kilichoshonwa ndani ya mkanda wa suruali ya shemeji. Ukibonyeza huku, mkanda unatetemeka kule. Akijibu mara moja, ni mzima. Waliijaribu siku moja tu, sebuleni. Shemeji aliruka juu ya kochi, mdogo wake akauliza kama ameumwa na siafu.

Akainua kifuniko. Kompyuta ikaamka.

Na nyuma yake, ukuta ukawaka.

Sindano akageuka na bastola mkononi. Hapakuwa na mtu. Runinga ndiyo iliyoamka. Ilionyesha kilima chekundu chenye njia nyeupe inayopanda kwa mizunguko.

Alikifahamu kile kilima.

Akausogeza mshale kwenye kompyuta yake, polepole, kuelekea kulia. Mshale wa ukutani nao ukaenda kulia. Akausimamisha. Ukasimama.

Kisha, kwenye kona ya chini, huku na kule kwa wakati mmoja, likachomoza lile boksi la kijivu analolijua kama anavyojua sauti ya mama yake.

*Mfumo wako haulindwi tena. Hamia toleo jipya sasa, au: Nikumbushe baadaye.*

Aibu haikuja kama wazo. Ilianzia shingoni, ikapanda masikioni, ikamwaga moto usoni. Ndani ya ghala tupu, bila shahidi, Sindano alitamani kujifunika.

*

Kisa cha aibu hiyo, kwa ufupi, ni hiki.

Kompyuta zote za Kiota ziliendeshwa na mfumo uitwao Upeo Saba. Ukaja Upeo Nane. Msimamizi wa mitambo, mwanamke mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi ingawa alikuwa mdogo kuliko wengi wao, aliwaita ukumbini akawaambia wazi: waliotengeneza Upeo Saba wameacha kuulinda. "Ni nyumba iliyoondolewa mlinzi. Mlango bado upo, kufuli lipo, lakini wezi wote wanajua hakuna anayeangalia. Leteni kompyuta."

Kila mtu akapeleka. Sindano akasema kesho.

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya heshima. Kengele haikufanya kazi kwenye Upeo Nane. Shangazi alikuwa tayari kuandika Kengele nyingine, lakini alitaka kompyuta ibaki kwake mpaka amalize, na Sindano alikuwa na mtu ghalani, hawezi kuachana na Kengele. Mkuu mwenyewe angeikubali sababu hiyo. Ila Sindano hakuipeleka kwa Mkuu, kwa kuwa haikuwa sababu yake ya kweli.

Sababu ya kweli ilikuwa kitufe cha kuzima.

Siku ile ukumbini, mbele ya wote, Shangazi alimwomba aizime kompyuta mpya ya maonyesho. Sindano akatafuta. Akatafuta tena. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta jiko liko chumbani. Mshale wake ukazunguka kioo kikubwa kama nzi. Ndipo mtu wa mapokezi akasema kwa upole, "Hapo juu kulia, mama."

Mama.

Sindano aliyewahi kuwa mtawa, mpishi wa ubalozi, mke wa waziri, na siku moja maiti kwenye jokofu la hospitali kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka. Alishindwa kuzima kompyuta, na ukumbi mzima ukacheka kicheko kile cha mapenzi ambacho huuma kuliko matusi.

Hakuigusa tena.

Kompyuta za majasusi wanaofanya kazi nje ya jengo hazikuunganishwa na mtandao wa ofisi, kwa usalama. Ukaguzi ulifanywa kwa macho. Mkaguzi hupita mlangoni, huchungulia skrini, akiona kilima chekundu, ile picha inayokuja na Upeo Nane, anakubali kwa kichwa na kwenda mlango wa pili. Basi Sindano alifanya kile anachokijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Aliitafuta picha ya kilima, akaiweka kwenye skrini ya Upeo Saba yake.

Aliivalisha kompyuta yake nguo za mtu mwingine.

Katika ofisi nzima ya majasusi, hakuna aliyefikiri kwamba mtu angeweza kufanya hivyo. Kamera ya kompyuta aliibandika plasta, kama mtaalamu. Mlango akauacha wazi, na kila boksi la kijivu lilipochomoza, kidole chake kilijua pa kwenda bila kuulizwa.

Baadaye.

Baadaye.

Baadaye.

*

Akaifunga kompyuta. Runinga ikazimika. Akachomoa kile kisanduku, akakitia mfukoni, na alikuwa amesimama wima, uso mkavu, Bonge alipoingia akihema, jasho linamtiririka mpaka kwenye fulana ya kuzuia risasi ambayo haikumtosha.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Bonge akaiangalia kofia mkononi mwake. Akaacha utani wote aliokuwa nao. "Ya shemeji?"

"Sijui."

"Dada." Alizunguka ofisini, akapapasa ukuta, akapapasa runinga. Akakaa hapo kidogo, kiganja mgongoni mwa runinga. "Dada, mpango wetu umevujaje?"

"Sijui, Bonge."

Alidanganya watu kwa kazi. Hakuwahi kumdanganya Bonge ana kwa ana.

Akaenda nje mpaka kwenye ukuta wa kiwanda, akaiacha kompyuta mbali kwenye pikipiki, akampigia Shangazi.

"Shangazi, kompyuta yangu ni Saba."

"Kompyuta yako ni Nane. Nimeona kilima."

"Niliona kilima pia. Nilikiweka mwenyewe."

Upande wa pili kitu kikaanguka mezani.

"Wewe mwanamke," Shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Wanaona kila kitu?"

"Kila kitu. Jina la Kofia pia. Hawajui ni nani, wanajua yupo. Nimekuta damu."

"Ulifungua Kengele?"

"Kidole kilikuwa juu yake."

"Mungu alikuonea huruma. Ungebonyeza, wangeona jina Kofia linawaka, na wamesimama naye. Wangesikiliza tu mkanda wa nani unatetemeka." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Kanuni ni moja. Nakutumia Upeo Nane sasa hivi, unaubonyeza, wote wanatupwa nje."

"Inachukua muda gani?"

"Muda wa bibi harusi kuvaa. Na ukimaliza, Kengele imekufa."

"Na wao watajua nimewagundua."

"Papo hapo. Mlango ukifungwa, aliyekuwa ndani husikia."

"Kisha watafanya nini na watu waliobaki nao?"

"Unajua mwenyewe."

Simu ikatetemeka shavuni. Mdogo wake. Sindano akamwomba Shangazi asubiri.

"Dada, uko bize na takwimu zako?"

"Kidogo. Sema, mpenzi."

"Ukipita kule kwao kazini mwambie huyu bwana arudi mapema, mtoto ana homa. Simu yake si unajua inalala getini. Na mwambie ajifunike hata gazeti kichwani, ameondoka bila kofia. Nimeifua, iko kambani inachuruzika, akasema haivai mbichi. Mwanaume mzima anaogopa kofia mbichi."

Sindano akaegemea ukuta.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Kofia iko kambani."

"Iko kambani, ndiyo. Una nini? Unacheka au unalia?"

"Nitamwambia," Sindano akasema, na akakata simu.

Si yake. Damu si yake. Alifurahi, furaha tele. Kisha akaitazama ile kapelo iliyokuwa bado mkononi mwake, na akakumbuka kwamba ilikuwa ya mtu.

Walikuwa wanamtafuta Kofia, wakampata aliyevaa kofia.

*

Alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, kompyuta mapajani, bado imefungwa. Vidole juu ya kifuniko.

Kubonyeza sasa kulikuwa kujisafisha. Boksi la kijivu lingeondoka milele, wezi wangetupwa nje, Shangazi angenyamaza, na siku moja angesimulia kwamba alichelewa kidogo tu. Kompyuta safi, na shemeji mikononi mwa watu waliokwisha kuanza kupiga.

Kutobonyeza kulikuwa kuendelea kuwa yule waliyemzoea.

Akampigia Shangazi tena. "Usinitumie kitu. Nauacha mlango wazi."

"Sindano, hiyo ni kinyume cha kanuni."

"Kila kitu nilichofanya ni kinyume cha kanuni. Hiki kitakuwa cha kwanza chenye faida."

Akafungua kompyuta. Kilima chekundu. Mahali fulani, kwenye simu au kioo kingine, Mstaarabu alikuwa anakitazama naye.

Akaanza kuandika ripoti, kwa mwendo wake wa kawaida, na makosa yake ya kawaida akiyafuta kama kawaida.

*Kwa Mkuu. HiAce imetuponyoka. Kofia hasikiki tangu asubuhi. Fundi anasema ni betri. Kifaa kilishonwa ndani ya kiti cha ngozi cha bosi wao, hatuwezi kukifikia. Naomba kingine. Jioni tutafunga barabara ya daraja kwa nguvu zote. Barabara ya kiwanda cha saruji nimeiacha, sina watu.*

Akaisoma. Kofia si mtu. Kofia ni kidude ndani ya kiti. Hakuna mpakiaji anayehitaji kupigwa tena.

Ilikosa kitu kimoja.

Akasubiri. Nzi akatua kwenye kioo, akatembea juu ya kilima, akaondoka. Hatimaye boksi la kijivu likachomoza konani, la adabu, lisilochoka.

*Hamia toleo jipya sasa, au: Nikumbushe baadaye.*

Kama angelibonyeza la kwanza, wangeshtuka. Kama angeliacha, wangejiuliza. Walimjua. Walikuwa wamemtazama akifanya hivi asubuhi na jioni, pengine wakicheka. Amewahi kuvaa sura za watu wengi, lakini hakuwahi kutakiwa kuigiza sura hii: mwanamke mvivu, mwenye kiburi, anayeogopa kuulizwa kitufe kiko wapi.

Haikuhitaji mazoezi.

Akabonyeza *baadaye*.

*

Barabara ya kiwanda cha saruji ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na miti yake pia, na baada ya muda Bonge pia.

"Nikifa hapa," alisema akiwa amelala tumboni nyuma ya mabomba, "hawatahitaji jeneza. Wanimwagie maji tu, nigande."

"Nyamaza."

"Dada, una uhakika watapita huku?"

"Hapana."

Bonge akageuza kichwa. Hakuwahi kusikia jibu hilo kwake.

Kwa simu alikuwa amemwambia Mkuu kwamba adui anaisoma kompyuta yake na ripoti ni chambo, bila kusema kwa nini. Jua lilishuka kidogo. Redio ilinong'ona: timu ya daraja imejipanga, wazi kabisa, ionekane. Mkanda wa misumari ulilala chini ya vumbi. Sindano aliitazama barabara na hakuomba ushindi. Aliomba kiti.

"Injini," Bonge akasema.

HiAce nyeupe. Nyuma yake lori la Isuzu, turubai limefungwa.

"Kiota, wamekuja huku."

"Nimekusikia," Mkuu akajibu. "Mruhusu aingie."

HiAce ikapita juu ya vumbi. Matairi manne yakapasuka kwa mpigo mmoja. Ikayumba, ikala ukingo, ikasimama na pua mtaroni. Land Cruiser ya wenzao ikajitokeza nyuma ya Isuzu na kuziba njia ya kurudi.

Mlango wa HiAce ukafunguka. Mtu mwenye shati la maua akatoka na bunduki fupi, akamwaga risasi ovyo kwenye mabomba. Sindano hakuinama. Alisubiri yule apumzike. Akafyatua moja. Bunduki ikaruka, mwenye shati la maua akashika mkono wake na kukaa chini kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Nyingine ni ya goti," Sindano akasema. "Nani anaitaka?"

Hakuna aliyeitaka.

Akaenda kwenye lori kwanza. Akakata kamba ya turubai kwa kisu. Makasha. Wapakiaji, mikono juu, macho meupe. Na katikati yao, kimelazwa ubavu, kiti cha ngozi. Kilikuwa kimechanwa kutoka mgongoni hadi makalioni, sponji yote nje, springi zimening'inia kama matumbo. Walikuwa wametafuta hadi ndani ya miguu.

Sindano akapanda ndani ya lori.

"Shemeji," sauti ikatoka nyuma ya kiti. Kichwa wazi, vumbi kwenye nywele. "Umechelewa."

"Nisamehe."

Alimaanisha zaidi ya alivyosikia yule.

Mstaarabu alitolewa kwenye HiAce, suti haina hata mkunjo. Akaupitisha mkono wake kwenye pingu kwa adabu. Kisha akamtazama vizuri, akatabasamu polepole.

"Kumbe ndiye wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Bi Baadaye."

Bonge akainua uso.

"Vijana wangu ndivyo walivyokuita," Mstaarabu akaendelea. "Kila likitokea lile boksi walibishana. Leo atabonyeza, leo habonyezi. Niliwaambia, yule hawezi. Nimefanya biashara hii na watu wengi, bibi. Sijawahi kufunguliwa mlango na mtu mwenye moyo mkunjufu kama wewe." Akatazama mwili wa kiti chake. "Hili la kiti limeniuma. Lakini ghala lile hukulipata kwa akili yako, na mpango wako hukuupoteza kwa akili yangu. Tunaelewana."

"Mpeleke," Sindano akasema.

*

Kiota kulikuwa na makofi.

Mkuu alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Shangazi alikaa pembeni, ametazama dirisha. Bonge mlangoni, bado mweupe kwa saruji. Shemeji alipewa kiti na glasi ya maji, ambayo hakuigusa.

"Nimekuwa kwenye kazi hii kabla wengine hamjazaliwa," Mkuu akasema. "Sijawahi kuona mtego kama huu. Kuacha mlango wazi makusudi. Kumlisha adui miezi kwa miezi, akazoea, akashiba, halafu siku ya siku unamtilia sumu kwenye sahani ileile. Sindano, utawafundisha wapya. Nataka kila mmoja ajue ulivyopanga."

Makofi tena.

Ilikuwa rahisi. Alitakiwa tu asiseme kitu. Shangazi asingesema, alikuwa na kiburi chake, ukaguzi ulikuwa wa ofisi yake. Kilima chekundu kingekuwa hadithi ya kishujaa, na yeye angesimama ukumbini palepale alipoitwa mama.

Bonge alimsogelea, akanong'ona bila kumtazama. "Runinga ilikuwa ya moto, dada. Niliigusa." Akameza. "Mimi sisemi kitu."

Na shemeji, kana kwamba anajisemea, akasema, "Waliuliza nani Kofia. Mwenzangu alikuwa amevaa yake. Mimi sikuwa na yangu." Alizungusha glasi. "Walimpiga mbele yetu wote. Nilijua ni mimi wanayemtafuta. Sikusema kitu, shemeji. Nilisimama tu. Wakamtupa nyuma ya kiwanda cha matairi."

"Tumemwokota," Mkuu akasema. "Yuko hospitali. Mkono umevunjika, na jicho limeumia. Ataishi. Haya hutokea kazini."

"Haukuwa mtego," Sindano akasema.

Mkuu akamgeukia.

"Mkuu, haukuwa mtego. Sikuhamia Upeo Nane. Nilibandika picha yake ili mkaguzi apite. Wameingia kwa sababu yangu, mpango umevuja kwa sababu yangu, na yule mtu amepigwa kwa sababu yangu. Leo mchana ndipo nilipojua. Vingine vyote nimevibuni nimekaa chini ya ukuta, naogopa."

"Kwa nini?" Mkuu akauliza. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa hajaelewa. "Wewe. Kwa nini?"

Angeweza kutaja Kengele.

"Nilishindwa kuona kitufe cha kuzima," alisema. "Mkacheka. Nikaona haya kuuliza tena."

Hakuna aliyecheka sasa. Mkuu alikaa chini kama mtu aliyezeeka ghafla, akaonyesha meza kwa kidole. Sindano akaweka Glock. Akaweka kitambulisho. Kisha akatoa kompyuta begini, akaiweka mbele ya Shangazi, akaifungua.

"Nionyeshe."

Shangazi akamtazama kwa muda. Hasira yake ilikuwepo, yote. Lakini alivuta kiti.

"Hapa," akasema. "Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na hapo walikaa wote wawili, wakitazama mstari mwembamba ukijaa. Ulipojaa, picha ikatokea.

Kilima chekundu. Njia nyeupe. Kilekile, bila tofauti hata ya jani.

"Sasa izime," Shangazi akasema.

Sindano akapeleka mshale juu kulia. Ikazimika.

Walimwona akishuka ngazi, mgongo wima, miwani myeusi usoni, mkono mmoja ndani ya koti, kama siku zote akitoka kazini. Mtu wa mapokezi alimwambia mwenzake kwamba yule mwanamke hana damu, ana barafu.

Hospitali alipanda hadi wodi ya wanaume. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mtu mkubwa, mkono kwenye plasta, nusu ya uso imevimba. Jicho moja lililobaki wazi lilimfuata tangu mlangoni.

Sindano akavua miwani. Akatoa kapelo ya bluu kwenye koti. Alikuwa ameiosha kwenye sinki la Kiota, na bado ilikuwa mbichi. Akaiweka kitandani, karibu na mkono mzima.

"Hii ni yangu," yule mtu akasema kwa shida. "Wewe nani?"

Kwa swali hilo Sindano alikuwa na majibu mengi, yote yenye vitambulisho.

Akavuta kiti, akakaa, akamtajia jina lake la kweli.